Bakuli la Jumamosi

"Anza Jumamosi asubuhi," alisema Ghati. "Usiruke kitu. Hata kama ulipiga chafya, niambie."

Anitha Elisante alikaa ukingoni mwa kitanda. Chumba chake pale Greenbelt, Marekani, kilikuwa na kiti kimoja tu, na kiti hicho alikikalia mgeni. Ghati aliweka daftari pajani, akalamba ncha ya penseli. Miaka kumi na minane alikuwa sajini wa polisi Tarime. Sasa alifanya uchunguzi kwa Wakili Nailah, ambaye ofisi yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka pale, na tabia ya kulamba penseli alikuwa amevuka nayo bahari.

Mezani palikuwa na barua iliyotoka Uingereza wiki mbili zilizopita. Ilikuwa imeandikwa na mwanamke aitwaye Celia, mpwa wa marehemu Bi. Marjorie Audley. Barua ilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee ambako Anitha alikuwa ameajiriwa. Ilisema kwamba Anitha, aliyemlea Bi. Audley miaka mitatu katika kijiji cha Thessing, alipanda basi siku ya Ijumaa, tarehe kumi na moja Aprili, akamwacha bibi wa miaka themanini na sita peke yake siku mbili, hadi akafa kitini.

Nyumba ya wazee ilimsimamisha kazi. Jumatatu saa tatu asubuhi wangekaa kikao. Wakiiamini barua, jina la Anitha lingeandikwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kugusa mgonjwa, na kazi nyingine ya namna hiyo asingepata.

Leo ilikuwa Jumamosi.

"Kabla ya Jumamosi, hii hapa kwanza," Ghati alisema, akaichomoa tiketi ya basi iliyokuwa imebanwa kwenye barua. "Celia anasema aliiokota jikoni. Ya Ijumaa. Ya kwenda tu."

"Ni yangu, mama. Nilikwenda mjini."

"Kwa nini hukukata ya kurudi?"

"Basi la kurudi ni saa kumi na moja jioni. Bibi anameza dawa saa tisa. Nilirudi kwa miguu."

"Maili ngapi?"

"Nne. Kuna kinjia kinakatiza mashambani, unapanda vingazi vya kuvukia ua wa kondoo."

"Nani alikuona?"

"Kondoo."

Ghati hakucheka, ila penseli ilisimama kidogo. "Mjini ulifuata nini, na kesho yake unasafiri?"

"Iliki. Bibi alitaka maandazi yangu mara ya mwisho. Duka la kijijini ndilo hilohilo posta, na iliki hawajawahi kuisikia."

"Hicho kijiji. Nieleze ulivyoishi."

Anitha alifikiri. "Nyumba arobaini za mawe. Kanisa, duka, baa moja. Basi Jumanne na Ijumaa. Mwaka wa kwanza walinisalimia kwa hali ya hewa tu. 'Leo upepo.' Nami najibu, 'Upepo kweli.' Mwaka wa pili wakaniuliza kama na kwetu Upareni kuna upepo. Mwaka wa tatu jirani wa ng'ambo ya barabara, Bi. Tarrant, akaanza kutuletea pai ya tofaa. Si watu wabaya, mama. Wanakuona wote, ila hakuna anayeingia kwako. Nimekaa miaka mitatu, hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti bila kualikwa siku mbili kabla."

"Haya. Jumamosi."

"Nilimwosha Bibi nywele. Nikamkata kucha. Nikakanda unga, nikafunga sanduku wakati unaumuka. Saa nane hivi nikakaanga. Bibi akala mawili, akasema la tatu atalala nalo. Nikapeleka bakuli la jirani. Saa tisa dawa. Saa kumi Celia akapiga simu: yuko njiani, baada ya saa moja tu atakuwa amefika. Saa kumi na moja gari la kukodi likaja. Nikasema nitamngoja Celia. Bibi akanifukuza. 'Nenda, mtoto, ndege haimngoji mpwa wa mtu.' Nikaenda. Nikalala uwanja wa ndege, nikapanda Jumapili asubuhi."

"Wenye gari la kukodi tumewaandikia. Wanasema hawaweki majina ya abiria." Ghati alirudisha macho kwenye daftari. "Bakuli la jirani ni lipi?"

"La pai. Alituletea Ijumaa jioni. Mimi nilikuwa juu namlaza Bibi, nikalikuta mlangoni."

"Ulipolirudisha, ulimkuta mwenyewe?"

"Alikuwa ametoka. Nikaliacha mlango wa nyuma."

"Lilikuwa tupu?"

Anitha aliinua uso kama aliyetukanwa. "Mama Ghati! Mimi nina wazazi."

Ghati aliandika mstari mmoja, akaupigia chini mara mbili. "Huyo Bi. Tarrant, umewahi kuzungumza naye tangu hapo?"

"Hapana. Nasikia yuko kwa mwanawe, mwalimu wa chuo kule Fairfax. Nilitaka kumpigia, nikaogopa."

"Ulifanya vizuri kuogopa. Usimpigie. Usimtumie mtu. Nikimkuta ameshaambiwa neno, ushahidi wake haufai hata kufungia karanga."

*

Namba ya mwalimu huyo ilikuwa kwenye kitabu cha simu. Mwanamume mwenye sauti ya upole alikiri kuwa mama yake yuko, amekaa wiki sita, na kesho anarudi Uingereza. Akaongeza, "Lakini ameshaniambia hana la kusaidia. Hakumwona yule dada."

"Nitakunywa chai yake tu," Ghati alimjibu.

Gervas alimpeleka. Alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Bukoba aliyepanga Bladensburg, na siku za kazi ya Wakili Nailah alimwendesha Ghati kwa sababu Ghati aliapa kutoshika usukani kwenye barabara kuu ile inayouzunguka mji.

"Afande, nisamehe, ile exit imenipita," alisema Gervas.

"Imekupita au umeipita?"

"Tumepishana. Nita-turn mbele." Aliwasha taa ya kuonyesha upande. "Sasa huyu Anitha, miaka mitatu na kondoo! Mimi nisingeweza. Kijiji hakina hata baa?"

"Kina moja."

"Basi ningeweza."

"Endesha, Gervas."

"Lakini Afande, kweli hakuna hata mtu mmoja aliyemwona Jumamosi? Kijiji cha nyumba arobaini? Kwetu ukikohoa, kijiji cha pili wanakuletea asali."

"Celia amepeleka majina ya watu wanne. Wote wameandika hawakumwona baada ya Ijumaa asubuhi akipanda basi. Na wote wanasema kweli."

"Sasa wakisema kweli, si amekwisha?"

"Kutomwona mtu na mtu kutokuwepo ni vitu viwili. Mimi Mungu sijamwona." Ghati alifunga mkoba wake. "Simamisha pale penye mti mwekundu. Na usipige honi, hawa ni watu wa chuo."

Kabla ya kushuka aliinamisha kichwa kwa muda wa pumzi mbili tatu. Gervas alizima redio bila kuambiwa.

*

Bi. Winifred Tarrant alikuwa mrefu, mkavu, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanafunzi. Nyumba ilikuwa tupu. Mwanawe alikuwa amepeleka watoto mpirani. Sanduku lake la safari lilikuwa limesimama kando ya ngazi, limeshafungwa kamba. Alimkaribisha Ghati jikoni, akamimina chai, akakaa mkabala naye na mgongo umenyooka. Walizungumza Kiingereza, Ghati kwa mwendo wake wa polepole wa kuchagua kila neno kama mchele.

"Nataka uelewe," alisema Bi. Tarrant. "Nilimpenda yule msichana. Lakini siwezi kusema nilimwona Jumamosi wakati sikumwona."

"Sikuja kukuomba useme ulimwona. Nafanya kazi kwa wakili wake, hilo ujue kabla hujafungua mdomo. Utakachosema kitanisaidia au kitaniumiza, nitakiandika vilevile."

Bi. Tarrant alitazama daftari. "Vyema."

"Mlikuwa majirani wa miaka mingi, wewe na Bi. Audley?"

"Arobaini na mmoja. Tulisomesha watoto pamoja shule ya Jumapili."

"Ulikuwa unampelekea pai."

"Kila wiki, tangu baridi. Ya tofaa. Anitha alipenda ile sukari ya juu, alikuwa anaikwangua." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka lenyewe.

"Bakuli la pai ya mwisho ulilipata?"

"Ndiyo. Lilirudi."

"Lini?"

"Ijumaa." Alijibu haraka. "Ndiyo maana niliamini aliondoka Ijumaa. Nilidhani alirudisha bakuli ndipo akapanda basi."

Ghati aliandika *Ijumaa*. Hakubisha. Basi liliondoka Thessing saa tatu asubuhi. Pai ilifika jioni. Hilo aliliweka kiporo.

"Ulilikuta wapi?"

"Mlango wa nyuma. Juu ya kijiwe."

"Ulikuwa unatoka au unaingia?"

"Naingia. Nakumbuka kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Ilibidi niweke chini mkasi na yale matawi ndipo nilinyanyue. Lilikuwa zito."

"Matawi ya nini?"

"Mabaki. Huwa nayaleta nyumbani, sipendi kuyatupa. Tukishapanga maua ya kanisani."

"Maua ya kanisani mnayapanga siku gani, mama?"

"Jumamosi. Saa saba hadi saa tisa. Miaka yote ni Juma..."

Kijiko kilikuwa mkononi mwake. Alikiweka kwenye sahani pole pole, kikalia hata hivyo.

Ghati hakumharakisha. Alikunywa chai, akageuza ukurasa.

"Ijumaa jioni ndipo ulipompelekea pai," alisema. "Ijumaa saa tatu asubuhi ndipo basi lilipoondoka. Bakuli haliwezi kurudi kabla halijakwenda."

"Hapana," alisema Bi. Tarrant. "Haliwezi."

"Ulisema zito. Bakuli la pai lililooshwa si zito."

"Lilikuwa na vitu ndani. Kitambaa juu, na ndani vimikate vya pembetatu, vya kukaanga. Vilinukia kitu fulani, kama dawa ya kikohozi lakini tamu. Nilikula vinne pale pale nimesimama na koti." Uso wake uligeuka mwekundu. "Nikadhani ni mmoja wa wenzangu wa maua. Sisi tukirudisha bakuli, tunalirudisha safi, basi. Sikujua ni nani angelijaza."

"Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu, umemwambia jirani asije tena."

"Alikuwa akifanya hivyo siku zote? Yale mayai? Ile jamu?"

"Siku zote."

"Nilidhani ni Marjorie anayetuma." Bi. Tarrant alishika shavu. "Tangu baridi nilikuwa namshukuru Marjorie, naye anaitikia tu."

"Bi. Audley angeweza kukaanga vile?"

"Marjorie hakuweza kuinua birika."

"Na vile vimikate, vilikuwa vya moto au baridi?"

Dirishani majani makavu yalikuwa yakisukumana kwenye uwanja wa nyasi. Bi. Tarrant aliyatazama.

"Kitambaa kilikuwa na unyevu kwa ndani," alisema. "Wa mvuke. Vilikuwa bado na moto."

Ghati aliandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea. Bi. Tarrant aliitikia kwa kichwa. Kwa kikao cha Jumatatu, hayo yalitosha. Maandazi ya moto Jumamosi saa tisa, katika nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuinua birika, yana mpishi mmoja tu.

Lakini Ghati hakufunga daftari.

"Mama, wewe si mtu wa kuchanganya siku. Umeniambia saa za maua, umeniambia mahali pa kijiwe. Ijumaa hii uliipata wapi?"

"Celia. Alifika Jumapili saa nane mchana. Alisema msichana amekimbia tangu Ijumaa, na kwamba Marjorie amekufa peke yake siku nyingi."

"Nawe ukakubali."

"Nikakubali."

"Una bakuli la moto jikoni kwako, ukakubali."

Ghati alisogeza kikombe pembeni.

"Aliyemkuta marehemu ni nani? Barua ya Celia haisemi."

"Mimi. Saa sita na nusu, Jumapili."

"Ulikwenda kwa sababu gani?"

"Kumtazama tu."

"Anitha ameniambia hakuna anayevuka kizingiti pale bila kualikwa. Wewe siku hiyo ulivuka. Niambie jambo moja, mimi si mtu wa kule. Kijijini kwenu mnajuaje kama mzee wa nyumba ya pili ameamka salama?"

Mama yule mrefu alizungusha kikombe chake mara moja. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Mapazia," alisema. "Tulikubaliana, Marjorie na mimi, baada ya waume zetu kufa. Saa mbili asubuhi kila mmoja anafungua pazia la mbele. Ukiona la mwenzako limefunguka, basi, heri. Miaka kumi na mitatu. Anitha alipokuja akawa ndiye anayefungua, lakini saa ni ileile."

"Na Jumamosi?"

"Lilifunguliwa." Alifumba macho. "Lilifunguliwa saa mbili. Kila mara najiambia nilikosea."

"Jumapili?"

"Halikufunguliwa. Saa tatu niliona bado. Nikasema, Celia, ambaye Marjorie aliniambia atakuja Jumamosi, amefika usiku, wamechelewa kulala. Gari sikuliona, nikasema ameliegesha nyuma. Saa nne kasorobo nikapita mlangoni kwao, naenda ibada. Nilisimama. Mkono ulikuwa juu ya geti. Nikasema, nikigonga nitawaamsha, Celia ataniona mbeya. Nikaenda nikaimba nyimbo zote. Niliporudi bado lilikuwa limefungwa. Nikapika. Nikala, Bi. Ghati. Ndipo nikavuka."

"Ukamkuta kitini."

"Kwa nguo zake za mchana, na blanketi miguuni. Hakuwa amelala kitandani usiku ule. Hakukuwa na wa kumpeleka." Alinyoosha mkono wake mwenyewe mezani, akautazama. "Nilimshika mkono. Haukuwa wa baridi. Ulikuwa haujapoa."

Ghati alikuwa ameshika mikono ya namna hiyo mara nyingi kazini. Aliweka penseli chini.

"Daktari alijua?"

"Aliandika moyo. Saa hakuandika, na mimi sikumwambia. Halafu Celia akasema Ijumaa. Unaelewa? Kama msichana alikimbia Ijumaa, basi Marjorie alikwisha siku nyingi, na lile pazia la Jumapili si kitu. Hakukuwa na cha kufanya." Alifuta pua kwa leso. "Nililitaka hilo liwe kweli. Sikufikiri litamfikia mtu yeyote. Nilijua Anitha amekwenda Marekani, nikadhani Marekani ni mbali."

"Kutoka hapa ni nusu saa," alisema Ghati.

Saa ya ukutani ilisikika. Nje, Gervas alikuwa ameshuka garini anapiga teke majani kama mtoto wa shule.

"Ningevuka saa tatu," Bi. Tarrant aliuliza, "angekuwa hai?"

"Sijui. Na nikikwambia najua, nitakuwa naongopa, upande wowote. Moyo wa miaka themanini na sita haungoji mtu agonge. Lakini wewe na mimi hatukuwepo." Ghati alichomoa karatasi safi yenye mistari, akaisukuma mezani pamoja na kalamu ya wino. "Andika kwa mkono wako, kwa maneno yako. Tarehe juu, jina chini."

"Niandike yote?"

"Anitha anahitaji bakuli. Siku, saa, kilichokuwa ndani, na moto wake. Hayo yanamtosha kabisa, na hayo nakuomba. Ya Jumapili ni yako."

"Hutaki niyaandike?"

"Nimesema ni yako, mama. Sitayachukua kwa nguvu, na sitakudanganya kwamba hayamo kwenye daftari langu. Lakini kikao cha Jumatatu hakiyahitaji."

Bi. Tarrant alivaa miwani. Aliandika pole pole, herufi zimesimama wima, bila kufuta. Ghati alisimama dirishani akampa mgongo. Alisikia kalamu ikienda, ikisimama, ikienda. Kisha ikasimama muda mrefu mno. Ghati hakugeuka.

Kalamu ikaendelea.

Alipopewa karatasi, aliisoma akiwa amesimama. Sehemu ya kwanza ilikuwa bakuli lote, hadi unyevu wa kitambaa. Chini yake palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, kisha:

*Jumamosi pazia la Bi. Audley lilifunguliwa saa mbili kama kawaida. Jumapili halikufunguliwa. Mimi, Winifred Tarrant, niliona saa tatu asubuhi. Nilivuka barabara saa sita na nusu. Anitha Elisante hakumwacha mtu. Tuliomwacha ni sisi tuliokuwepo.*

"Celia atasema umeyatunga," alisema Ghati.

"Celia atasema mengi. Nitamsikiliza kesho kutwa, nikifika. Yeye kwanza aseme alilala wapi Jumamosi." Bi. Tarrant alisaini, akakausha wino kwa ncha ya leso.

Ghati aliikunja karatasi mara mbili, akaitia bahasha ya Wakili Nailah, akaitia mkobani. Alichukua koti lake.

"Bi. Ghati. Una namba yake ya simu?"

"Ninayo."

"Ataisikia hiyo Jumatatu mbele ya watu, si ndiyo?"

"Itasomwa kwa sauti."

"Basi asiisikie kwao kwanza." Bi. Tarrant alikwenda ukutani ilipokuwa simu, akainua mkono wa simu, akaukamata kwa mikono yote miwili. "Nipigie wewe. Vidole vyangu havitaki."

Ghati alibonyeza namba moja baada ya nyingine, akarudi nyuma hatua mbili. Iliita mara moja. Ikaita ya pili. Upande wa pili sauti ya kijana wa kike ikaitikia kwa Kiswahili, kwa hofu, kama mtu aliyekuwa amekaa karibu na simu tangu asubuhi.

"Anitha, mpenzi," alisema Bi. Tarrant. "Huyu ni jirani yako."